Nguzo Zilizolambwa na Ng'ombe

Kwa Mzee Gidabuday,
Balangdalalu,
Hanang, Manyara.
30 Novemba 2025

Mpendwa kaka Lameck,

Shikamoo. Naanza na shikamoo kwa sababu mama alitulea hivyo, na mkubwa ni mkubwa hata akikuudhi. U hali gani huko Dar? Wifi Glory hajambo? Watoto wanaendeleaje na shule? Yule mdogo aliyekuwa anasumbuliwa na kifua, joto la huko limemfaa au ndiyo limezidisha? Naomba uniambie, maana habari zenu siku hizi tunazipata kwa watu wa njiani.

Sisi huku tunashukuru Mungu. Mama mguu unamsumbua asubuhi, jua likipanda unanyooka. Mume wangu Joakimu anakusalimu kutoka Maretadu. Mahindi tulipata si haba, maharage ndiyo yaliliwa na wadudu, tukavuna majani. Baba mwili mzima, ila macho. Ukungu umezidi. Anakutambua kwa sauti na kwa mwendo wako, uso hauoni mpaka usogee karibu kama unataka kumnong'oneza. Nakwambia kwa sababu sidhani kama unajua.

Mimi niko hapa kwa wazazi tangu mwezi wa nane. Nimemwachia Joakimu shamba na watoto, na hajanuna hata siku moja.

Baada ya salamu hizo, kaka, kaa chini. Kama umesimama, kaa.

Ningekupigia simu. Nimekupigia mpaka nimechoka. Jina langu likitokea unalikata kama mtu anayefukuza nzi kwenye chai. Meseji unazisoma, zile alama mbili zinageuka bluu, halafu kimya. Na hata ungepokea, simu yangu imekufa, chaji siku hizi haikai, nabaki kuazima ya baba, na baba simu yake huiweka sauti ya juu boma zima lisikie. Haya ninayotaka kukuambia hatakiwi kuyasikia. Ndiyo maana nimerudi kwenye kalamu na karatasi, kama wewe zamani ulipokuwa sekondari ukituandikia tukutumie nauli. Tulikuwa tunakujibu.

Barua anakuletea Mwalimu Wilbard, yule Mhaya aliyepanga chumba cha juu upande wa barabara. Anakuja Dar kusahihisha mitihani. Mkaribishe, mpe hata chai. Kodi yake umeila miaka minne, chai haitakufilisi.

Nianze na siku ya tetemeko, maana ulinikata kabla sijamaliza. Ardhi ya huku kutikisika si ajabu. Tumekua tukisikia sufuria zikigongana na bibi akisema mlima unajigeuza ubavu. Lakini hili lilikuja mchana, siku ya mnada, watu wamejaa barabarani na mimi nimekuja kuuza mahindi. Lilikuwa fupi. Mwalimu Wilbard alishuka ngazi na taulo kiunoni, povu la sabuni kichwani, akasimama katikati ya barabara mbele ya watu na mbuzi wao. Weee, tulicheka! Wanawake walishika mbavu. Yeye hakucheka. Alisema kwao Bukoba, mwaka 2016, aliona nyumba zilivyolala, na kwamba mtu akishaona hivyo taulo si aibu. Jioni akahamisha godoro.

Kilichotunyamazisha sisi ni nguzo ya kona, ile ya barazani. Ilibanduka kipande kikubwa kama kichwa cha ndama, kikaangukia kiti cha baba, kile cha ngozi. Baba alikuwa ameinuka kwenda kusikiliza bei ya fahali. Kiti kilivunjika miguu miwili. Namshukuru Mungu kwamba kiti hakina roho.

Tukamwita injinia kutoka Babati, anaitwa Rogers. Najua ulishasema anatafuta kula. Ni kweli alikula. Alikula ugali wa mama na maziwa ya mgando, akaomba aongezewe, na hiyo ndiyo rushwa yote aliyopokea hapa. Aligonga nguzo kwa nyundo ndogo, moja baada ya nyingine, ameinamisha sikio kama daktari. Zilikuwa zinalia bubu. Akachimbua moja chini kidogo tu, zege likamwagika kama makande yaliyokauka. Ndani nondo zimeliwa. Zile nondo nene baba alizozileta kutoka Arusha, akawaita wazee waje wazishike, sasa nyembamba kama spoku za baiskeli, nyekundu, unamega kwa vidole.

Akauliza mchanga wa kujengea ulitoka wapi.

Hapo ndipo moyo wangu unapouma, kaka, kwa sababu baba alijibu kwa fahari. Alijibu kwa sauti yake ile ya kwenye harusi: ziwani. Habari hiyo unaijua, ulikuwa likizo. Mtu wa lori alitaka kuleta mchanga wa mtoni, baba akamfukuza. Alisema wa ukingoni mwa ziwa ndio wenye nguvu, ng'ombe wake wote wamenenepa kwa kulamba udongo ule, na kitu anachokipenda ng'ombe hakiwezi kumdhuru mtu. Nani angembishia? Fundi alikuwa wa ukoo wetu, naye akaitikia. Sisi hapa kila kitu tunakipima kwa ng'ombe: mke, shamba, jirani, hata mvua. Basi na zege tukalipima kwa ulimi wa ng'ombe.

Na ng'ombe wenyewe si walikubali! Unakumbuka kila jioni wakirudi malishoni, wanavyojipanga pale barazani kulamba nguzo mpaka zikang'aa? Watoto walikuwa wanashangilia. Baba alikuwa anasema ng'ombe wameibariki nyumba. Wewe ulipiga picha, ukaituma kwa wenzako huko Dar, mkacheka.

Walikuwa wanalamba chumvi. Ule unga mweupe uliokuwa unatoka ukutani kila kiangazi, tukaufagia tukidhani ni vumbi la saruji, ni chumvi ya ziwa. Rogers alitueleza taratibu, anamtazama baba kwa huruma: chumvi inakula chuma, chuma kikiota kutu kinavimba, kikivimba kinapasua zege, na nyumba inabaki imesimama kwa mazoea. Akasema ukija mtikisiko mwingine ulioizidi nguvu ile ya kwanza hata kidogo, nguzo za chini zitakunja magoti kama ng'ombe anayelala, na ghorofa yote ya juu itakuja kukaa mahali pa baba.

Dawa ipo. Kwanza kuishikilia nyumba kwa mirunda isije ikawaangukia mafundi. Kisha kuchimbua zege bovu nguzo kwa nguzo, kusugua, kuweka nondo mpya na ringi zilizokaribiana, halafu kuivalisha kila nguzo koti la zege jipya, kwa mchanga wa mtoni uliooshwa. Na upande wa maduka, ambako tuliacha wazi kote ili milango iwe mipana, kujaza kuta sehemu mbili.

Baba aliuliza swali moja tu. Hiyo ni ng'ombe wangapi?

Rogers akapiga hesabu kwenye simu yake. Akasema thelathini na watano, kama bei ya mnada haitaporomoka. Lameck, nyumba nzima, na bati lake, na sherehe ya kuizindua, ilikula arobaini na wawili. Kuponya ni karibu sawa na kuzaa. Nikamuuliza, kwa hasira tu, na ule mchanga wa mtoni siku ile ungeongeza nini? Akafikiri, akasema labda ng'ombe mmoja. Mmoja! Baba alisikia. Aliinuka, akapapasa ukuta mpaka mlangoni, akaingia ndani, na hakutoka kuja kula.

Hayo ndiyo ya kuhesabika. Kuna mengine Rogers hakuyahesabu. Duka la dawa lililokuwa chini limehama, sasa mtu akiumwa homa anatembea hadi upande wa pili wa senta. Kinyozi amehama na redio yake. Wapangaji wa juu wametawanyika. Maji ya zege yanabebwa na punda, na punda wa kukodi siku hizi ana maringo kuliko gari. Na aibu je? Ghorofa ya kwanza Balangdalalu, watu walikuwa wanaelekezana kwayo, "ukifika kwa Gidabuday kata kushoto." Sasa wakipita wanavuka upande wa pili wa barabara, na wanapita mbio.

Nikakupigia. Siku hiyo ulipokea. Ulisema nyumba imesimama miaka kumi na minane, imeshatikiswa mara ngapi, haijaanguka. Ulisema, "Pigeni plasta, pakeni rangi, msiniletee hadithi za mainjinia." Ukatuma laki mbili.

Nilipaka, kaka. Nilikutii. Tulichagua rangi ya papai ili baba aione hata kwa ukungu wake, na kweli alifurahi, alisimama mbele ya nyumba akijidai. Haikumaliza mwezi. Chumvi iliisukuma kwa ndani, ikatoka malengelenge, ikaanza kuning'inia. Methali ya ufa na ukuta tuliimba wote darasa la tatu kwa Mwalimu Konsolata. Mimi nilichapwa kwa kuisahau, wewe ulipigiwa makofi.

Wala usiniambie ulikuwa huna. Vyumba sita vya juu, kodi imeingia kwenye simu yako kila mwezi mpaka walipohama, sisi tulikuwa tunaona wapangaji wakibonyeza. Picha ya ghorofa ndiyo uliyoiweka kwenye WhatsApp yako, na nasikia huko wanakuita bosi. Bosi wa nini? Bosi wa nyumba ambayo wewe ukija Krismasi unalala gesti Katesh kwa sababu huku hakuna feni.

Najua ng'ombe thelathini na watano si mchezo. Lakini zizi lina zaidi ya mia, na zizi ni lako. Baba alikukabidhi mwenyewe mbele ya ukoo, mwaka macho yalipoanza kumsumbua. Alisema tangu leo ng'ombe hatoki boma hili bila neno la Lameck. Wazee walitemea mate ya baraka, nyama ikaliwa. Mimi nilikuwa jikoni nageuza ugali. Mimi ni binti niliyeolewa; kwenye ng'ombe wa baba haki yangu ni kunywa maziwa nikija kusalimia, nikimaliza nioshe kibuyu. Sikulalamika, na leo silalamiki kwa hilo. Nalalamika kwamba neno tulikupa wewe, na wewe umelifungia kabatini na kile kiwanja chako cha Kigamboni unachotaka kukinunua kwa ng'ombe haohao.

Sasa sikiliza ugumu ulipokuwa. Tulimwambia baba ahamie nyuma, kwenye nyumba ya mama ya udongo, mpaka tupate njia. Mama mwenyewe unajua hajawahi kulala kwenye ghorofa hata usiku mmoja, alisema tangu mwanzo hawezi kulala chini ya miguu ya watu. Baba akakataa. Alisema, "Kama mchanga ni wangu, na uniangukie mimi." Tukaleta wazee. Tukamleta katekista, ingawa baba na kanisa wanasalimiana tu. Kwa wote jibu lilikuwa hilo hilo: atatoka siku mwenye zizi atakaposema atoke. Na kesho yake, kwa ubishi tu, akasogeza kitanda chake mpaka kwenye ukuta ulioshikana na ile nguzo ya kona. Unamjua. Huo ubishi umerithi wewe, ila wewe hukuurithi pamoja na moyo wake.

Mwezi wa kumi likapita tetemeko jingine, dogo, la kupepesa macho tu. Baba alikuwa anakula. Vumbi na vijiwe vilimwagika kwenye bakuli. Alilifunika kwa kofia yake, akasubiri, akafunua, akaendelea kula. Mama alikuwa amesimama uani na maziwa mkononi, anamtazama kupitia mlango. Aliweka kibuyu chini, akaniambia nimtafute binamu yetu Gidahosh.

Ng'ombe wa mama unawajua. Wale alioondoka nao kwao siku ya harusi, aliopewa na baba yake na kaka zake, na uzao wao wote. Wale hawaombewi neno la mtu. Baba mwenyewe hawezi kuwagusa bila yeye, sembuse wewe. Amewalea, amewazalisha kwa mikono yake, anawajua hadi bibi zao. Na ukisahau mengine yote, hili usisahau: ulipofaulu kwenda sekondari baba alikataa kuuza ng'ombe kwa ajili ya daftari, walitoka hao hao. Wawili wa kidato cha kwanza, na kila mwaka mmoja.

Mama alivaa sketi yake ya ngozi, ile ya heshima. Akaenda na Gidahosh kwenye mnada wa Katesh. Mimi nilikuwa nyuma yao na fimbo. Aliwaita kwa majina mmoja mmoja, na wote waligeuza vichwa. Wachuuzi walifikiri bibi amechanganyikiwa. Alipomaliza kuwaita aliwapa mgongo, akanunua chumvi ya jikoni na kiberiti, tukarudi. Njiani alisema jambo moja, kwamba yule mwekundu mwenye pembe iliyopinda hapendi kupigwa, na amesahau kumwambia mnunuzi.

Alibakiza mmoja tu, mwenye ndama, anayekamuliwa hapa nyumbani. Pesa hazikutosha. Joakimu aliuza mahindi yetu yote, tukabakiza ya kula. Huyo ndiye yule Mmbulu ambaye wewe uligoma kuja harusini kwake, ukasema naolewa na jembe. Jembe limesimamisha nguzo nne za nyumba ya baba yako.

Basi pesa ipo, Rogers amefika na mafundi, mirunda imeshushwa, na baba yuko kitandani amegeukia ukuta. Hatoki. Rogers akasema hawezi kugusa nguzo na mtu yuko chini yake. Nilikupigia asubuhi ile. Ukakata. Nikapiga tena. Ukazima.

Hapo nikafanya nililofanya. Nilisimama mlangoni pa chumba cha baba, nikaweka simu yangu sikioni. Ilikuwa haina hata chaji. Nikaongea na wewe. Nikakuitikia, "Ndiyo kaka. Sawa kaka. Nitamwambia." Nikakuuliza hali ya watoto. Nilikuwa naongea vizuri kweli, kuliko tunavyoongea siku zote. Kisha nikamwambia baba kwamba Lameck amesema utoke leo, nyumba ivalishwe zege jipya, na gharama inatoka zizini kwake.

Nikaona machozi ya baba yanashuka. Sijawahi kuyaona, hata alipofiwa na kaka yake. Akasema, "Nilijua. Mwanangu hawezi kuniacha chini ya mawe." Akaomba fimbo yake. Akabeba mwenyewe kile kiti chenye miguu iliyofungwa kamba, akapita uani, na alipofika katikati akasimama, akatemea mate ya baraka upande wa mashariki unakokaa wewe, akitaja jina lako na majina ya watoto wako. Alimaliza yote bila kukosea.

Mama alikuwa anakamua palepale, hatua chache. Alisikia ng'ombe wake wakigeuka kuwa wako. Mikono ilisimama kidogo. Kisha akaendelea kukamua.

Kaka, mimi hilo sikusamehi upesi. Nakwambia ukweli wa Mungu.

Kazi inaendelea. Nguzo za nyuma na za katikati zimekwisha, nene, zimenyooka, ukizigonga zinajibu. Zimebaki za upande wa barabara na ile ya kona. Jioni wale ng'ombe wachache wa maziwa waliobaki nyumbani wakirudi wanakwenda pale pale, wananusa zege jipya, wanalamba mara moja, wanaondoka. Baba akiambiwa hivyo anasikitika. Anasema nyumba imekosa ladha. Tunacheka naye, tufanyeje.

Sasa ombi langu. Baba anangoja siku utakayotulia ili akushukuru kwa mdomo wake. Atakupigia Jumapili ijayo, namba ni ya kwake, najua yake unapokea. Atakushukuru kwa kirefu, na atalia. Usimkatize. Usimwulize anaongelea nini. Sema tu, "Ndiyo, baba." Ukimwambia hukusema neno, atachukua kiti chake, atarudi kulala chini ya nguzo ya kona, na ile haijashikwa na kitu zaidi ya mirunda miwili. Nani atamtoa tena? Mimi uongo wangu ni mmoja tu, nimeshautumia.

Hilo la kwanza halina gharama. La pili lina gharama, nami sikulazimishi. Mifugo yote mikubwa iko malishoni na Gidahosh mpaka mvua zikolee. Baba anadhani waliouzwa walitoka kwako. Mvua zikikolea watarudi, na baba hata kwa macho yale atakaa langoni awapapase mgongoni mmoja mmoja kama afanyavyo kila mwaka. Atakuta wako wote wapo. Atauliza wa mama wako wapi. Mama hatadanganya, na mimi sitakuwepo, nitakuwa Maretadu napalilia. Lakini Gidahosh anasema ukimpa neno kabla ya siku hiyo, atatenga idadi ileile iliyouzwa kutoka kwenye wako, awapeleke upande wa mama, na wataingia langoni kama wa mama. Nimekuundia heshima ambayo hukuifanyia kazi. Kuilipia au kuiacha ianguke ni juu yako.

Nisalimie sana wifi Glory, mwambie ile kanga aliyonitumia naivaa kanisani. Nisalimie Pascal wa shangazi ukimwona huko Temeke, mwambie mama yake anamwulizia. Wabusu watoto. Wafundishe kusema shikamoo kwa lugha ya babu yao, maana siku akiwapigia Kiswahili kinamwishia njiani. Joakimu anakusalimu mara ya pili, ni mtu wa salamu. Mungu akulinde barabarani na kazini, na akufungue moyo kabla ya mvua. Hata hili la mwisho naliomba kwa upendo, ingawa hasira bado ninayo.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na leo pia,
Perpetua

Nimesahau: Mwalimu Wilbard amebeba na kibuyu cha samli, amekifunga vizuri kwenye kitambaa kisimwagike kwenye mitihani ya watu. Ni zawadi kutoka kwa baba. Amesema mtoto aliyeokoa nyumba ya baba yake hawezi kula mkate mkavu. Mama ndiye aliyeichemsha, kutoka kwa yule ng'ombe wake mmoja aliyebaki. Alijua inakwenda kwa nani, na kibuyu alikijaza mpaka juu.